Konokono wamepita wiki ya sita bila kutoa serkaria: lava wamechelewa au hawakuingia kabisa?

mwambao_wa_ziwa ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi.

Naomba msaada kwa wanaoijua kazi ya konokono na kichocho kwa vitendo. Kuna kundi la konokono wa Biomphalaria sudanica waliozaliwa maabara, kipenyo cha milimita 4 hadi 8, waliowekewa mirasidia (lava wanaotoka kwenye mayai) za Schistosoma mansoni, mdudu wa kichocho cha tumbo, nane kwa kila konokono, kwenye sahani ya visima 24. Mayai ya mdudu yametoka kwenye kinyesi (choo kikubwa) cha watu wa kijiji cha kando ya Ziwa Victoria, kibali cha maadili kipo na wote wameshapewa matibabu. Choo kilichujwa na kuoshwa mara kadhaa kwa maji ya bomba yaliyolala usiku mmoja kwenye ndoo. Mirasidia zilionekana asubuhi, konokono wakawekewa alasiri.

Tangu hapo wako kwenye beseni karibu na dirisha. Chumba hakina hita. Huu msimu wa Juni na Julai maji yanasoma nyuzi 18 usiku na 23 mchana. Chakula ni saladi. Vitabu vinasema serkaria, lava wanaotoka kwenye konokono na kutoboa ngozi ya mtu, hutoka wiki ya nne hadi ya tano, lakini ya sita imepita, wanawekwa chini ya taa kila baada ya chakula cha mchana, na visima ni vitupu. Nitajuaje kama lava wamekwama njiani, wamekufa, au hawakuingia tangu mwanzo?

Swali la pili: konokono wa Bulinus waliookotwa kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe wametoa serkaria zenye mkia wa panda. Hapa kuna wanaosema mkia wa panda maana yake kichocho cha binadamu, basi. Ni kweli?

---

fundi_hadubini amejibu:

Marahaba. Kabla ya kingine chochote: kuanzia leo usitie mkono mtupu kwenye hilo beseni. Nitaeleza sababu huko chini.

Tuanze na joto, maana hapo ndipo sehemu kubwa ya jibu ilipo. Wiki nne hadi tano za vitabuni ni za maji ya nyuzi 25 hadi 28. Lava wa S. mansoni ndani ya konokono hukua kwa kukusanya joto. Chini ya nyuzi 14 hivi hasogei mbele, na juu ya hapo anahitaji jumla ya karibu nyuzi-siku 270 ili serkaria za kwanza ziwe tayari. Kwa maji ya nyuzi 26 kila siku inachangia nyuzi 12, kwa hiyo konokono wa kwanza kabisa anaweza kufungua, yaani kuanza kutoa serkaria, karibu na siku ya 23, na kundi kubwa linafuata wiki ya nne na ya tano. Maji yako wastani ni kama nyuzi 20 na nusu. Kila siku inachangia sita na nusu tu. Gawanya, unapata siku 41 au 42 kwa yule wa haraka kuliko wote. Maana yake mwisho wa wiki ya sita ndipo kundi lako linaanza kukaribia mlango, na wengi wao watataka wiki mbili zaidi. Kwa nyuzi 18 mfululizo ingekuwa miezi miwili na ushei. Kwa hiyo usitupe konokono hata mmoja.

Sasa, nini kinatakiwa kuwa kimetokea ndani, na wapi.

Mirasidia ikishatoboa ngozi laini, mara nyingi kwenye pembe za kichwani, mguu au ukingo wa joho (ngozi inayofunika mwili chini ya gamba), inavua zile bamba zake zenye silia, vinyweleo vya kuogelea. Nafasi zilizokuwa katikati ya bamba zinatanuka na kuungana kuwa ngozi mpya. Kazi hiyo inakamilika ndani ya siku moja hadi mbili. Hapo inaitwa sporosisti mama: kifuko kisicho na mdomo wala utumbo, kinachofyonza chakula kwa ngozi, na kinabaki palepale kilipoingilia au hatua chache tu kutoka hapo. Ndani yake seli za uzazi zinagawanyika na kuwa sporosisti binti. Kwa nyuzi 26 hadi 28, mabinti huanza kutoka karibu na siku ya 12 hadi 14, wanapita kwenye nafasi za damu za konokono hadi tezi ya mmeng'enyo, ile ya rangi ya kahawia iliyojikunja sehemu ya ndani kabisa ya gamba, na kwenye tezi ya uzazi iliyopakana nayo. Huko ndiko serkaria zinakotengenezwa. Kichocho hakina hatua ya redia, lava wa ndani ya konokono mwenye mdomo. Ukiona redia, huyo ni mdudu mwingine.

Makosa ninayoyaona kwenye maelezo yako ni matatu, na kila moja linakula asilimia yako ya maambukizi.

La kwanza ni kuosha mayai kwa maji matupu. Yai la kichocho linaanguliwa linapokutana na maji yasiyo na chumvi, likipata mwanga na joto la kutosha. Ukiosha kwa maji ya bomba, mayai yaliyokomaa yanaanza kuanguliwa ukiwa bado unachuja, na mirasidia zinakwenda na maji unayomwaga. Zinazobaki kwenye chombo ni za mayai yaliyochelewa. Osha kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.85, yawe ya baridi, na uifunike chupa kwa karatasi ya foili. Chujio la juu liwe la mikroni 200 na kidogo kuzuia makapi, la chini mikroni 45 kushika mayai, maana yai la S. mansoni lina urefu wa mikroni 140 na upana wa kama 60. Mayai yakishakuwa safi ndipo unayamwaga yale maji ya chumvi, unaweka maji ya chemchemi au ya chupa, na unawasha taa. Mirasidia nyingi zitakuwa zinaogelea ndani ya saa moja au mbili.

La pili ni klorini. Usiku mmoja kwenye ndoo iliyofunikwa hautoshi. Acha maji wazi saa 48 huku pampu ya hewa ya tangi la samaki ikipuliza, au tumia sodiamu thiosalfeti. Kama bomba la jengo ni la shaba, usiyatumie kabisa maji yaliyolala ndani ya bomba, kwa sababu shaba kidogo tu inaua mirasidia na konokono pia.

La tatu ni umri. Mirasidia haili. Inaishi kwa akiba ya glaikojeni iliyotoka nayo kwenye yai, na ingawa unaweza kuiona ikiogelea saa 8 hadi 12, nguvu ya kutoboa inashuka mapema zaidi ya hapo. Asubuhi hadi alasiri ni mbali mno. Vuta kwa pipeti zile za saa mbili za mwanzo, zinazokwenda moja kwa moja na kwa kasi. Zinazozunguka polepole chini ya sahani ziache.

Nane kwa konokono si mbaya. Tano hadi kumi ni kiwango cha kawaida kwa kazi ya jumla, moja tu ukitaka serkaria za jinsia moja, kwa sababu serkaria zote zinazotokana na mirasidia moja ni za jinsia ileile. Ukipita kiasi, konokono wanakufa kabla ya kutoa. Mwache kila mmoja kwenye mililita moja hadi mbili za maji kwa saa tatu au nne, na hakikisha hajapanda kukaa nje ya maji kwenye mfuniko. Hilo linatokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na konokono aliyekauka pembeni kwa saa tatu hajaguswa na mirasidia hata moja.

Sasa beseni la dirishani. Serkaria za S. mansoni hutoka kwa kuamshwa na mwanga, na kilele chake ni kuelekea katikati ya mchana. Konokono anayekaa dirishani anapata mwanga tangu saa kumi na mbili alfajiri. Kama amekomaa, anatoa serkaria zake humohumo beseni kati ya saa tatu na saa nane, na wewe unakuja kumweka chini ya taa baada ya chakula cha mchana akiwa ameshamaliza. Visima vinakuwa vitupu, beseni limejaa. Ndiyo maana nimesema mkono.

---

bibi_wa_Chake amejibu:

Assalaam alaykum. Aliyosema fundi kuhusu joto ni sawasawa. Nataka kuongeza jambo la konokono mwenyewe, kwa sababu watu wanahesabu mirasidia na nyuzi wakasahau kwamba konokono naye ana kinga.

B. sudanica ni mgumu kuambukizwa kuliko B. pfeifferi. Huyu wa pili, wa vijito na mifereji ya umwagiliaji, anapokea S. mansoni kwa urahisi sana na anatoa serkaria nyingi. Yule wa vinamasi vya kando ya Ziwa Victoria anakataa sehemu kubwa ya mirasidia, na hata akikubali hutoa kidogo. Kukataa kwenyewe kunakwenda hivi: seli za damu za konokono zinaizunguka sporosisti changa, zinaifunika tabaka juu ya tabaka, na ndani ya siku moja hadi tatu imekufa. Kwa hiyo ukipata robo ya kundi wameambukizwa, usiseme kazi imeharibika. Huenda ndivyo walivyo. Weka na B. pfeifferi wachache kama kundi la kulinganishia, mirasidia zilezile na siku ileile. Wakiambukizwa wao na hawa wakakataa, utajua mirasidia zilikuwa nzima.

Na mdudu wa mahali anaendana na konokono wa mahali. Mfano mzuri uko huku Zanzibar kwa upande wa S. haematobium, mdudu wa kichocho cha kibofu. Unguja na Pemba anayeambukiza ni Bulinus globosus. Bulinus nasutus yupo kusini mwa Unguja, lakini kichocho cha kibofu hakisambazwi naye huko. Ukivuka bara hadi Usukumani, B. nasutus wa malambo yanayokauka ndiye anayebeba S. haematobium. Jina la konokono ni lilelile, kazi tofauti. Kwa hiyo mtu akikuambia «spishi hii inaambukiza» muulize ya wapi, na mdudu wa wapi.

Kuhusu kujua kama wamo au hawamo, ziko njia tatu ambazo hazitaki mashine ya vinasaba.

Ya kwanza ni kutazama tu. Mchukue konokono akiwa ametoka kwenye gamba, kwenye kisahani chenye maji, hadubini ya kuangalizia vitu vizima, ukuzaji wa mara 10 hadi 20, mwanga utokee pembeni. Sporosisti mama iliyokua huonekana kama uvimbe mweupe wa maziwa kwenye pembe au ukingo wa mguu. Pembe ya kawaida ni nyembamba na inapitisha mwanga sawasawa hadi nchani. Yenye sporosisti ina nundu, na hapo kwenye nundu mwanga haupiti. Ukiiona, umepata jibu bila kuua mtu. Usipoiona hujapata jibu, kwa sababu nyingine zimejificha ndani ya joho.

Ya pili ni mayai. Konokono aliyeambukizwa huacha kutaga au hupunguza sana lava wanapotawala tezi ya uzazi na kula akiba yake. Watenge mmojammoja kwenye vikombe kwa wiki moja, weka kipande cha plastiki laini ili watagie juu yake. Wanaoendelea kutaga vifuko vya mayai kwa wingi wiki hii ya sita na saba, wengi wao ni wazima. Wasiotaga ndio wa kuwafuatilia. Ila angalia wasiwe wadogo mno au wenye njaa, maana hao pia hawatagi.

Ya tatu ni kupasua, na hapa unatoa sadaka wachache. Mbane konokono kati ya vioo viwili mpaka gamba livunjike, toa vipande vya gamba kwa kibanio chembamba, na uunyooshe mwili kwenye tone la maji yale aliyokuwa akiishi. Tenganisha mguu na kichwa upande mmoja, tezi ya mmeng'enyo upande mwingine, funika kwa kioo chembamba, tazama kwa mara 40 kisha 100. Kwa hali ya joto lako utegemee kukuta mojawapo ya haya. Kuna mama tu kwenye mguu, kifuko kikubwa chenye matonge ya seli ndani, tezi ikiwa safi: huyo yuko nyuma bado. Kuna nyuzi nyeupe ndefu kama soseji zimesokotana kati ya mirija ya tezi, ndani mna matonge ya duara yasiyo na umbo: mabinti wamefika, serkaria hazijaumbika, ngoja wiki moja au mbili. Kuna matonge yenye vimikia na mengine yanatikisika: huyo alikuwa afungue wiki hii. Na ukikuta tezi imejaa mirija yake ya kahawia peke yake, mguu safi, huyo hakuambukizwa au alikataa mapema.

Wapasue watano sita tu kwanza. Chagua waliokufa muda huohuo au wanaoelekea kufa, usianze na wazima.

---

daktari_wa_mifugo amejibu:

Naomba nilishike swali la pili, la mkia wa panda. Jibu ni hapana, na hapa makosa mengi ya ripoti ndipo yanapozaliwa.

Anza na gamba. Shika konokono ncha ikiangalia juu na mdomo ukikutazama. Mdomo ukiwa kushoto na gamba limesimama, ni Bulinus. Ukiwa kulia, hana kifuniko na mdomo ni mpana, ni Radix natalensis, mwenyeji wa Fasciola gigantica, mnyoo wa ini la ng'ombe. Biomphalaria ni bapa kama kamba iliyozungushwa chini. Kosa la kushoto na kulia peke yake limeshafanya watu waandike kichocho mahali penye mnyoo wa ini.

Kisha serkaria yenyewe. Ichukue ikiwa hai, tone moja chini ya kioo chembamba, uvute maji polepole kwa karatasi ya kunyonya hadi ibanwe na kutulia. Tafuta vitu vitatu. Je, ina koromeo, yaani kifundo cha misuli nyuma ya mdomo? Ya kichocho haina. Je, ina madoa mawili meusi ya macho? Za kichocho cha binadamu na ng'ombe hazina. Ukiyaona kwenye mkia wa panda fikiria jamaa wa kichocho cha ndege, ambazo huwasha ngozi ya mtu bila kukomaa ndani yake. Je, panda za mkia ni fupi au ndefu? Za kichocho ni fupi, hazifiki nusu ya shina la mkia. Zikiwa ndefu sawa na shina au zaidi, na koromeo lipo, hizo ni za minyoo ya ndege na samaki, na zimejaa sana kwenye malambo. Baada ya kutazama zikiwa hai ndipo unaweka tone la iodini ya Lugol: inaziua, zinanyooka, na unaweza kupima.

Sasa tuseme zimepita vipimo vyote vitatu. Bado hujamaliza, kwa sababu umesema lambo la kunyweshea ng'ombe. Schistosoma bovis, mdudu wa kichocho cha ng'ombe, anaishi ndani ya Bulinus hawahawa, na serkaria yake huwezi kuitofautisha na ya S. haematobium kwa hadubini. Pemba imeshathibitishwa kwa vinasaba kwamba S. bovis yumo ndani ya Bulinus globosus, mahali ambapo hapo zamani kila serkaria ya panda fupi ingehesabiwa kuwa ya binadamu. S. bovis huwa na tabia ya kutoka mapema zaidi asubuhi, lakini saa ni dalili tu, usiandikie ripoti. Hifadhi serkaria kutoka kwa kila konokono peke yake, kwenye ethanoli ya asilimia 96 au kadi za FTA (karatasi za kuhifadhia vinasaba), mikrolita chache tu zinatosha, na uombe kipimo cha vipande vya vinasaba vya cox1 na ITS kwa pamoja. Kimoja peke yake hakitakuonyesha mdudu chotara.

Ukiona serkaria kubwa nyeusi-nyeusi, mkia mmoja usio na panda, macho mawili, na kifyonzio kikubwa nyuma kabisa ya mwili, hiyo ni ya minyoo ya tumbo la ng'ombe, Calicophoron, na Bulinus ndiye mwenyeji wake. Na kama kisima kinaonekana kitupu, kiinamishe utazame kuta zake: vidoa vidogo vilivyoganda ukutani ni metaserkaria, yaani serkaria zilizokwisha kujifunika. Za Calicophoron zitakuwa na rangi ya giza, za Fasciola kutoka kwa Radix ni nyeupe. Zote hazisubiri, hutoka na kujifunika zikingoja kuliwa na ng'ombe pamoja na majani. Mtu anayetafuta vinavyoogelea tu atasema konokono ni mzima.

Redia alizotaja fundi zina umuhimu mwingine. Redia ina mdomo na koromeo, inakula. Za minyoo wa jamii ya Echinostoma zinazurura ndani ya konokono na kula sporosisti za kichocho. Kwenye lambo lenye bata wengi unaweza kukuta konokono ambao S. mansoni aliingia na akafutwa, bila kinga ya konokono kuhusika.

---

mwambao_wa_ziwa ameandika:

Nawashukuru sana wote. Beseni limefunikwa. Nimebaki na mawili: giza lianze lini na liwe la namna gani, na nikishawatenga niwawekeeje taa ili nisikose hata wachache? Na bibi, konokono wanaanza kufa wawili watatu kila wiki. Ni kichocho kinachowaua?

---

fundi_hadubini amejibu:

Giza. Kwa maji ya nyuzi 26 watu hufunika kuanzia kama siku ya 21, kabla ya yeyote kufungua. Kwako ingekuwa wiki ya sita. Anza leo. Kabati linatosha, au boksi lililofunikwa kwa kitambaa cheusi mikunjo miwili, muhimu hewa ipite. Kuwalisha na kubadili maji kufanyike jioni kwa taa hafifu na kwa haraka. Pandisha joto polepole, nyuzi moja au mbili kwa siku, hadi 26. Hita ya tangi la samaki yenye kidhibiti inafaa; ukiirusha kutoka 18 hadi 27 kwa usiku mmoja utawaua. Usipite 30, konokono wanadhoofika.

Siku ya kutoa: watoe gizani saa tatu asubuhi, wasuuze, kila mmoja kisimani na mililita moja na nusu ya maji safi yaliyolazwa yenye joto la 26. Chakula na kinyesi kisiwemo, vinaficha serkaria. Taa iwe sentimita 30 juu. Siku hizi taa za LED hazitoi joto la maana, kwa hiyo mwanga unakuwepo lakini maji yanabaki ya baridi kama chumba ni cha baridi. Pima maji yenyewe, usipime hewa. Ukitumia balbu ya zamani ya wati 60, kagua kila nusu saa yasifike 30. Tazama baada ya saa moja, halafu saa mbili, halafu saa nne. Usisubiri hadi jioni ndipo utazame mara moja.

Weka karatasi nyeusi chini ya sahani na mwanga utokee pembeni. Serkaria ya kichocho ina jumla ya kama nusu milimita, na macho yaliyozoea yanaiona bila lenzi: inapanda juu mkia ukitangulia, inasimama, inashuka taratibu ikiwa imening'inia, halafu inapanda tena. Vumbi halipandi. Hicho ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote.

Asiyetoa leo mrudishe gizani, umjaribu tena kila wiki kwa wiki nne. Aliyetoa mwekee alama na chombo chake. Mara za mwanzo atatoa makumi tu. Wiki inayofuata huenda ikawa mamia, na mzuri hufika elfu moja na zaidi kwa siku. Usimwamshe kila siku, mpe mapumziko ya siku mbili tatu.

Usalama, kwa ufupi: glavu ndefu za kupita kiwiko, koti la mikono iliyofungwa, na chupa ya ethanoli ya asilimia 70 iwe mkononi. Serkaria inatoboa ngozi ndani ya dakika chache, kwa hiyo ukirukiwa futa papo hapo kwa ethanoli, usianze na kutafuta sabuni. Na msimeze praziquantel, dawa ya kichocho, siku hiyohiyo mkidhani mmejikinga, kwa sababu haiui vizuri lava wachanga wa wiki za mwanzo. Andika tarehe kwenye daftari la ajali, mwone daktari, upimwe baada ya wiki sita hadi nane, na dozi ya miligramu 40 kwa kilo itolewe wakati huo. Maji yote ya beseni na visima yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini ya kufulia na yakae kabla ya kumwagwa.

---

bibi_wa_Chake amejibu:

Wawili watatu kwa wiki huenda si kichocho peke yake. Konokono waliokwisha kuanza kutoa serkaria hufa mapema kuliko wenzao, hilo ni kweli, kwa sababu kila serkaria inapita kwenye nyama yake ikitafuta njia ya nje. Lakini kabla ya kufungua, kwa hesabu hiyo, angalia beseni kwanza. Saladi inayooza chini inamaliza hewa usiku. Wape majani kiasi cha kwisha kwa siku moja, na uyachemshe kidogo au uyakaushe: yanalainika, na dawa za shambani zinapungua ukiyaosha vizuri. Saladi ya sokoni iliyopigwa dawa juzi inaweza kumaliza beseni zima. Weka na kipande cha chaki ya kawaida au ganda la yai lililooshwa kwa ajili ya gamba, maana gamba linalopauka na kutoboka karibu na katikati ni njaa ya kalsiamu. Wasiwe zaidi ya mmoja kwa kila mililita 100 za maji kama pampu ya hewa haipo.

Na kila anayekufa, mpasue siku hiyohiyo. Akilala usiku mmoja kwenye maji ya nyuzi 23 tezi inayeyuka, utaona tope tu, na vidudu vya silia vinavyokula mzoga utaviita mirasidia. Vinafanana kwa mbali, lakini vipo vya ukubwa wa kila namna na vinazungukazunguka ovyo. Mirasidia haiwezi kuonekana ndani ya konokono wa wiki ya saba kwa vyovyote vile, kwa sababu silia alishazivua siku ya kwanza.

Hizo sahani za kupasua zitazame mguu kwanza ndipo tezi. Ukianza na tezi na kuikuta safi utaishia hapo, na mama aliyebaki kwenye mguu kwa sababu ya baridi utamtupa pamoja na makapi.